Magadi Yangu Siyo Magadi Yako

Wifi yangu ni msusi. Naanza na hilo kwa sababu angekuwa anafanya kazi nyingine, huenda mikono yake ingeuma, ikapona, na mimi nisingejua kitu. Ana kibanda cha saluni hapa Kahama, nyuma ya stendi: viti viwili, kioo kimoja, beseni la kuoshea vichwa na redio isiyozimwa. Wanawake wanatoka machimboni huko, wanakula vumbi kwenye basi, ili waje kukaa kati ya magoti yake. Vidole vyake vinagawa nywele kama vile vina macho.

Mimi ni mke wa kaka yake. Yeye ni wifi kwangu na mimi ni wifi kwake, na tunaitana hivyo hata tukiwa tumenuniana. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa, nikalima pamba na mpunga, na miaka hii ya karibuni natengeneza sabuni ya maji. Nilijifunza kwenye mafunzo ya siku mbili ya kina mama. Nilikwenda na daftari la jalada gumu, nikaandika mambo ya sabuni kuanzia mbele. Kuanzia nyuma, nikiligeuza juu chini, naandika mambo ya kila siku: nani kaja, nani kaniudhi, mvua imenyesha au imetupita. Sijui kama kuna mtu mwingine anayeyahitaji. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba siku moja sabuni na maisha vitakutana katikati ya daftari, na nitashindwa kujua nisome upande upi.

Sabuni yangu ilikuwa ya kijani. Niliipenda rangi ile. Nikishaimimina kwenye chupa na jua likapita ndani yake, nilikuwa nasimama tu naangalia hadi mboga inaungua jikoni. Vitu vinavyoingia nilivijua kwa majina: salfoniki, ile nzito nyeusi kama asali ya kwenye magogo, silesi ya kuleta povu, magadi, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi, manukato, na kifuniko kimoja cha fomalini ili isiharibike. Nilivijua kwa majina. Narudia neno hilo kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, ila wakati ule nilijiona mtaalamu.

Wifi ndiye aliyeamini sabuni yangu kabla ya watu wote. Aliioshea taulo, vitana, hata vichwa vya wateja. Mtu akisifia povu anasema, "Hii katengeneza wifi yangu kwa mikono yake," na anaiinua chupa kama anaonyesha mtoto. Maji ya beseni yalikuwa yanatoka kwa bomba dogo nyuma ya kibanda, na hapo alikuwa amepanda matembele, kwa sababu kwetu maji hayamwagwi hivi hivi.

Mwaka huu binti yake alipata mchumba. Siku wakwe walipokuja kupanga tarehe ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, wifi alisema mbele yao wote kwamba kichwa cha binti yake hakitaguswa na mkono mwingine. Tangu mtoto huyo azaliwe na nywele zile nyingi, alisema, alijiwekea kwamba atamsuka mwenyewe siku hiyo. Wakwe walicheka, wakampigia makofi. Nilikuwepo. Niliandika kwenye daftari, upande wa nyuma: wifi ameweka ahadi.

Wiki tatu kabla ya sendofu nilimpelekea sabuni, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha wateja huku kajifunika khanga mapajani, mikono ndani. Msichana anayemsaidia ndiye aliyekuwa anasuka, na wifi alikuwa anamwelekeza kwa mdomo, mstari huu, sasa huu. Haikuwa kawaida yake hata kidogo. Nikamsalimia kwa kumpa mkono makusudi. Akasita, halafu akautoa.

Ngozi kati ya vidole ilikuwa imebanduka. Kwenye viungo kulikuwa na mipasuko midogo, wekundu wake unaonekana. Kucha zilikuwa kavu kama za mtu anayefyatua matofali.

"Ni dawa ya nywele," akasema. "Na joto hili."

Dawa ya kulainisha nywele kweli ni kali, na siku nyingine huwa anasahau glavu. Sasa niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni dawa ya nywele na siyo kitu changu, nikaweka chupa zangu mezani, nikaaga. Nilipopita nyuma ya kibanda niliona matembele yamekauka hadi kwenye shina, nikasema jua la mwezi huu limezidi. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani furaha ile ikaanza kunichoma. Nilirudi nilikotoka, nikamwambia wifi twende zahanati.

Muuguzi aliigeuza mikono ile juu na chini. Akasema kuna kitu kikali kimekula ngozi. Akamwambia asiguse sabuni yoyote wala dawa ya nywele, apake mafuta ya mgando, na isipopungua baada ya wiki arudi. Nikamuuliza ni kipi kati ya viwili. Akasema kwa kutazama tu hawezi kujua, na hapendi kubahatisha.

"Dawa ya nywele ina karatasi yake, tutaisoma," akaniambia. "Ya kwako unaijua wewe. Umetia nini?"

Nikataja majina. Alisikiliza yote, na nilipofika kwenye fomalini akainua macho. Akasema anaijua, kule hospitali kubwa inatumika kuhifadhi maiti. Wifi alinitazama, halafu akatazama mikono yake, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kukuumiza.

Jioni hiyo, nikiwa nimekaa naye, alimpigia simu msusi mwingine, yule wa upande wa sokoni ambaye wamekuwa wakishindana miaka yote. Alimwomba awe tayari wiki ya sendofu, kama itabidi. Alisema "kama itabidi" mara mbili. Aliposhusha simu nilimwambia wifi, nitajua ni nini. Sikuwa na uhakika wowote nilipokuwa nasema vile.

Lakini asubuhi yake niliamka na kitu ambacho sijawahi kukipata tangu nikiwa shule. Nilitandika turubai uani, nikatoa kila chupa, kila mfuko, kila kopo, nikavipanga kwa mstari. Sikutaka majina sasa. Nilikishika kila kimoja nikajiuliza: hiki kinafanya kazi gani? Kikiondoka nini kitatokea? Kikimwagika kwenye matembele, matembele yatakula nini? Niligundua kwamba kwa vitu vitatu nilikuwa sina jibu hata moja, na badala ya kuona aibu nilisisimka. Ilikuwa kama kuingia kwenye chumba cha nyumba yangu mwenyewe ambacho sijawahi kukifungua.

Rangi ilikuwa ya kwanza kutoka. Haisafishi chochote. Niliiweka kwa sababu hapa kwetu mtu akiona sabuni haina rangi anadhani umeijaza maji. Manukato niliyapunguza, kisha nikajiuliza kwa nini nisiyaondoe kabisa, nikayaondoa. Fomalini nilisita nayo. Kusema kweli, kifuniko kimoja ndani ya ndoo nzima huenda hakikumdhuru mtu, sina ushahidi. Ila mimi niliyekuwa naimimina macho yalikuwa yananitoka machozi kila mara, na nilikuwa nafanya hivyo ndani ya jiko nikiwa nimefunga mlango ili vumbi lisiingie. Nikaamua nitengeneze kidogo kidogo, iishe kabla ya kuharibika. Sijui kwa nini sikuwaza hivyo tangu mwanzo. Nadhani ni kwa sababu daftari lilisema fomalini, na daftari nimeliandika mwenyewe, nikaliamini.

Binti wa wifi, bibi harusi wetu, alikuja kunisaidia kusoma maandishi ya kwenye makopo. Amemaliza kidato cha nne. Tulikaa na simu yake, tunatafuta neno moja baada ya jingine, na mengine hayakueleweka, tukayaandika hivyo hivyo: hili hatujalielewa. Katikati ya kazi akaacha, akauliza kama nina rozela.

Nilikuwa nayo. Rozela kwetu ni ya kinywaji, unachemsha, unatia sukari. Akasema hii haitiwi sukari. Akaichemsha ikawa nyekundu kama damu ya kuku, akaiacha ikapoa, akaimimina kwenye vikombe vya glasi. Kwenye cha kwanza akakamua ndimu. Rangi ikazidi kuwa nyekundu. Kwenye cha pili akatia majivu kidogo ya jikoni, na maji yale, mbele ya macho yangu, yakageuka kijani.

Nilishika mdomo. Nilimwomba arudie. Akarudia. Akasema shuleni walifanya hivi siku moja kwa sababu maabara haikuwa na karatasi za kupimia.

"Anti, ikibaki nyekundu ni chachu. Zambarau ni katikati, ngozi inaivumilia. Kijani ni kali. Ikiwa ya njano, usiiguse."

Nilikimbia ndani. Nilileta sabuni niliyotengeneza wiki ile, nayo bado ya kijani, tukatia matone. Zambarau, ikielekea bluu kidogo. Nikapumua. Halafu binti akatoa kwenye mkoba wake chupa ya mama yake, ile ya kwenye beseni la saluni, iliyobaki nusu. Tone moja: kijani. Nikamuuliza kama siyo rangi niliyotia, akasema ingekuwa rangi, ile ya kwanza nayo ingekuwa kijani. Matone matatu: kijani kikaanza kuchujuka. Alipotia kijiko kizima kikombe kikawa cha njano, njano mbaya, kama mkojo wa ng'ombe.

"Hizi siyo sabuni moja," akasema.

Na zote mbili zilitoka kwenye daftari moja.

Siwezi kueleza vizuri hali niliyokuwa nayo. Nilitakiwa kuogopa, na niliogopa, kwa sababu sasa ilikuwa wazi kwamba mikono ya wifi imeliwa na chupa yenye jina langu. Lakini chini ya woga moyo ulikuwa unapiga kwa furaha ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa halali. Kitu kisichoonekana kilikuwa kimeonekana. Kipo kwenye kikombe, kina rangi.

Chupa ya wifi ilitengenezwa mwezi ambao mimi sikuwepo. Nilikuwa Samuye kwa mama mkwe, tunavuna pamba, na nilimwachia daftari jirani yangu. Huyu tunatengeneza pamoja tangu mwanzo, ila vitu nanunua na kupima mimi, yeye anakoroga na kujaza chupa. Ni mtu wa Ujiji aliyeletwa huku na biashara ya mumewe, mwepesi wa mikono na wa maneno. Nilihesabu siku, nikaona ndiyo, ni yeye. Niligeuza daftari nikaandika: leo nina hasira na jirani. Nikaongeza chini yake: bado sijamuuliza.

Siku iliyofuata nilimwita. Mama mkwe naye alikuwa ameshafika kwa ajili ya sendofu, amekaa mlangoni anachambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo hasafiri bila kuyabeba. Nikamwambia jirani tutengeneze sabuni tangu mwanzo, hatua kwa hatua, mimi nasoma yeye analeta. Sikumwambia kwa nini. Pengine ilinipasa nimwambie. Niliogopa kwamba nikimwambia atajitetea, na mimi nitamshambulia, na ukweli utatupita katikati.

Nikasoma salfoniki, akaleta. Nikasoma silesi, akaleta. Nikasoma: magadi, nusu kilo.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika mfuko wa magadi mkononi, unga mweupe, ule ninaonunua siku zote. Jirani hakuutazama hata kidogo. Alitoka, akaenda kwake, akarudi na kopo lililofungwa kwa nguvu, akalifungua: vipande vyeupe vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Wakati huohuo mama mkwe, ambaye alisikia neno magadi na kudhani anaombwa yeye, aliingiza mkono kwenye kifurushi chake akanipa jiwe la kijivu la kulainishia mboga.

Tukasimama hivyo, wanawake watatu, kila mmoja na magadi yake.

"Mayu," akasema mama mkwe, maana ndivyo anavyoniita, "magadi ni haya. Hayo mengine ni nini?"

"Hayo ya kwako ni ya kupikia, mama, shikamoo," jirani akajibu, maana alikuwa hajamsalimia. "Ya sabuni ni haya. Hujasikia watu wanasema sabuni ya magadi?"

"Marahaba. Nimesikia. Nikadhani mnaitia mlenda."

Jirani akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilichukua punje moja ya magamba yale kwa kijiti, nikaitia kwenye kikombe cha rozela kilichobaki. Njano, papo hapo. Ilikuwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni za vipande, ambayo ukiishika kwa mkono mtupu inateleza na kuchoma. Kwangu mimi magadi ni unga wa soda. Kwa jirani magadi ni kostiki, kwa sababu kwao ndivyo inavyoitwa tangu utoto wake. Mwenye duka anauza vyote viwili: mimi nikifika nasema magadi naye ananijua, anatoa unga, jirani alifika akasema magadi ya sabuni, akapewa kostiki. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Wote tulisema neno moja.

Nikamuuliza jirani kwa upole kama siku ile hakuona tofauti yoyote.

"Niliona," akasema. "Ndoo ilipata moto. Nikasema leo imekubali."

Ndipo nikamwambia habari ya mikono ya wifi. Alikaa chini palepale, juu ya turubai. Alisema alitia nusu kilo kama nilivyoandika, hakuzidisha. Nikamwambia najua, umetia nilichoandika. Akasema alipaswa kuuliza. Nikasema mimi nilipaswa kueleza. Tulivutana hivyo kwa muda, kila mmoja akilivuta kosa upande wake, hadi mama mkwe akatuuliza kama tunagombania zawadi.

Mume wangu alikuta vikombe bado vimepangwa aliporudi kula mchana. Sasa anafanya kazi kwenye mashine ya mpunga, ila ujana wake aliumalizia machimboni upande wa Geita, kwenye matanki wanakosafishia tena mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Nilimweleza. Aliosha mikono, akakaa, akasema kule kila kitu waliita dawa. Zebaki ni dawa, ile ya kwenye matanki inayoua ni dawa, hata ya kuulia mbu kambini ni dawa. "Mtu anakwambia lete dawa. Unaleta dawa gani?" Akaanza kula. Sikuwahi kumsikia akisimulia habari za kule kwa kirefu kiasi hicho.

Mchana ule nilichana ukurasa wa mbele wa daftari. Hapana, sikuuchana, nilitaka kuuchana. Niliupiga mstari mmoja ili maneno yabaki yanasomeka, kwa sababu kosa langu nalo lina haki ya kuonekana. Nikaanza ukurasa mpya, na hapo ndipo nilipokuta kwamba upande wa sabuni na upande wa maisha zimekutana.

Kwanza ilibidi tuzikusanye chupa. Mimi na jirani tulizunguka na beseni, nyumba kwa nyumba, tukiwaambia watu kwa mdomo wetu kwamba sabuni ile ina ukali usiotakiwa, tulikosea, tunaomba muirudishe. Wengi walirudisha. Mama lishe mmoja alitutolea viganja vyake vimekauka, akasema alidhani ni uzee, akaonekana kufurahi kwamba siyo. Mwingine alikataa kabisa kuturudishia chupa yake. Alisema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote tulizowahi kuuza, inang'oa masizi ya sufuria yenyewe. Tulimbembeleza hadi tukachoka, tukaondoka nayo baada ya jirani kumwahidi kitu kingine cha masizi.

Na kitu hicho tulikuwa nacho bila kujua. Nyuma ya mashine ya mpunga kuna vilima vya pumba zinazoungua zenyewe siku nzima, hakuna anayezitaka. Jivu lake ni laini na lina mkwaruzo. Tulilichekecha, tukalipima kwenye rozela, ikabaki karibu na zambarau, tukampelekea yule mama kwenye kopo. Alisugua sufuria moja mbele yetu, akatazama chini ya sufuria, akatazama sisi, akachukua sufuria ya pili. Tulirudi nyumbani tunakimbia kama wasichana.

Siku zile nilikuwa naamka na mawazo mapya kila asubuhi. Siyo yote yalifaa, na ni haki niseme. Niliamini kwamba cha porini ni salama, cha dukani ni sumu. Nikachemsha majani ya mwarobaini nitie kwenye sabuni. Siku ya nne ikanuka kama shimo la choo. Nikajipaka ndimu mkononi nikidhani itasafisha kwa upole, nikaruka. Maji ya majivu, ambayo bibi yangu alifulia, rozela iliyageuza kijani kibichi. Na kostiki, ambayo nilitaka kuifukuza nyumbani, ikanishangaza kuliko vyote: jirani alinionyesha jinsi kwao wanavyoipima vizuri kwenye mizani, wanaitia kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki, wanaichanganya na mafuta, halafu vipande vinakaa rafuni wiki nyingi hadi ukali unaisha. Tulitumia mafuta ya pamba. Miaka yote nilivuna pamba na sikuwahi kuwaza kwamba mbegu yake itakuja kuniosha uso. Jirani ndiye aliyenifundisha hilo, na ninataka liandikwe.

Sabuni ya maji niliirudia mara sita. Nilipunguza magadi, yangu, yale ya unga, kijiko kwa kijiko, napima kila hatua kwenye kikombe. Kwenye daftari sikuandika tena magadi peke yake. Niliandika: soda ya unga mweupe, haitelezi kidoleni, haipashi ndoo moto. Niliandika kila kitu namna hiyo, kwa sura yake na kazi yake na neno la dukani, kisha nikamsomea mama mkwe. Asipoelewa, naandika upya. Mara ya sita rozela ikawa zambarau tupu, haielekei popote. Nilijipaka mimi mwenyewe kwapani na kwenye kiwiko siku nne mfululizo. Jirani naye. Ngozi ikanyamaza.

Wifi wakati wote huo alikuwa anapumzisha mikono. Nilimwendea na kumweleza yote, tangu furaha yangu ya siku ile ya kwanza hadi magadi matatu. Alisikiliza. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema wateja wake walikaa kwenye beseni lile kwa sababu aliwaambia ni mkono wa wifi yake. Siku mbili hakupokea simu yangu. Siku ya tatu alinitumia picha, bila maneno: nyuma ya kibanda, kwenye shina kavu la matembele, jani moja dogo.

Nilimpelekea mafuta niliyoyeyusha kwa nta ya nyuki na mafuta ya pamba, vitu viwili tu. Sisemi yalimponya. Alipona kwa kupumzika na kwa kufuata maneno ya muuguzi. Ila aliyapaka.

Alhamisi ya wiki ya sendofu tulikuwa wote kwenye kibanda: wifi, binti, jirani, mama mkwe kwenye kiti cha pili. Msusi wa sokoni naye alikuja, kwa sababu aliombwa na hakuna aliyemwambia asije. Wifi alifunua mikono yake. Ngozi mpya ilikuwa imeota, ya waridi kidogo, isipokuwa kidole gumba cha kulia ambacho kilibaki na ufa. Alikikunja, akakikunjua. Mwenzake wa sokoni akakitazama kwa macho ya kazi.

"Shika wewe," akamwambia. "Kikikuuma nitakugawia mistari tu, usuke mwenyewe."

Sasa kichwa kilitakiwa kioshwe kwanza. Nilikuwa nimebeba chupa kwenye mkoba, nikawa naona aibu kuitoa, nikaona pale kwenye rafu kuna shampuu ya dukani, nikasema moyoni watumie ile, hakuna ubaya. Wifi akanyoosha mkono.

"Ilete."

Nikampa. Ilikuwa haina rangi, kama maji ya mto yaliyotulia. Aliifungua, akainusa, haikunukia kitu.

"Ina magadi?" akauliza.

"Ina."

"Ya nani?"

"Ya kwangu. Ya unga. Nusu kilo kasoro vijiko vitano kwa ndoo nzima, na nimepima."

Mama mkwe akasema yeye amesomewa mara nne, na kama kuna mtu anataka kujua chochote kuhusu silesi amuulize. Jirani akacheka hadi akashika ukuta. Wifi hakucheka. Alimimina kidogo kwenye kiganja chake mwenyewe, cha mkono wenye ufa, akaiacha hapo, tukasubiri wote tukiangalia mkono mmoja. Redio ilikuwa inaimba. Nilihesabu moyoni nikasahau nimefika ngapi.

Halafu akamwinamisha binti yake kwenye beseni, akaanza kumwosha.

Maji yakatoka kwa bomba kwenda nyuma. Nilitoka nikayaangalia yanavyopita kwenye mizizi ya matembele. Niliporudi ndani alikuwa amekwisha kugawa mstari wa kwanza, umenyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni. Bila kugeuka aliunyoosha mkono nyuma, kiganja juu, kama anavyofanya akitaka mafuta, na nilikuwa nimesimama karibu zaidi kuliko wote, nikamtilia.